Barua ya wazi kwa waendesha boda na madereva wa teksi za simu mnaounda chama

Wanangu wa Nairobi na Mombasa,

Nawasalimu nyote, mlio barabarani na mliofungiwa akaunti. Kijana mmoja wa steji ya hapa Changamwe ameniletea rasimu ya katiba yenu na nimeisoma yote. Nimefurahi sana. Ila kifungu cha uanachama kimenikosesha usingizi, na kwa kuwa mimi nilifanya kazi ya chama bandarini Kilindini hadi nikastaafu, siwezi kunyamaza. Mmeandika kuwa chama kiko wazi kwa wote, mkaishia hapo. Jambo hilo hilo lilitamkwa Nairobi mwaka 1935, na yaliyofuata yanawahusu.

Miaka ile uchumi wa dunia nzima ulikuwa umeanguka. Bei za mahindi, katani na kahawa ziliporomoka, walowezi wakakata mishahara, na mafundi wa Kiasia waliotegemea kazi za ujenzi wakajikuta wanazunguka mjini bila kazi. Mwafrika alitembea na kipande, kitambulisho cha lazima cha kazi, shingoni. Mshahara ulipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini. Mwaka 1934 baadhi ya mafundi wakaunda Indian Trade Union, yaani chama cha wafanyakazi Wahindi, na Machi 1935 wakamchagua kijana wa miaka 21 kuwa katibu wao. Huyo ni Makhan Singh, mzaliwa wa Punjab, aliyeletwa Nairobi mwaka 1927 akiwa bado mtoto, na aliyekuwa akifanya kazi kwenye matbaa ya baba yake. Alikuwa mkomunisti, na hakulificha hilo hata mbele ya jaji mwaka 1950. Mwezi uliofuata baada ya kuchaguliwa, neno Indian likaondolewa. Chama kikawa Labour Trade Union of Kenya, cha kila mfanyakazi, awe wa rangi au dini gani.

Neno ukomunisti limetumiwa sana kuwatisha watu, kwa hiyo nawaomba mtazame kazi yenyewe aliyoifanya. Mchapaji wa siku zile alipanga herufi za madini ya risasi moja moja kwa mkono, kinyumenyume, mstari baada ya mstari, ndipo apige wino na kuweka karatasi. Kwa ufundi huo zilitoka karatasi za kuwaita watu mkutanoni na kuwaeleza kwa nini siku ya kazi iwe ya saa nane. Alitunza barua, kumbukumbu za vikao na hesabu kwa uangalifu ambao sijauona kwa viongozi wengi wa leo. Makaratasi yake yamehifadhiwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Tumeni wawili wenu wakayasome.

Aprili 1937 mafundi wa ujenzi Nairobi waligoma wakidai nyongeza ya asilimia 25. Walikaa nje siku 62. Hebu fikirini: siku 62 bila ujira, mjini ambako watu wengi walikuwa wanaitafuta kazi hiyo hiyo uliyoiacha. Walirudi na nyongeza iliyoanzia asilimia 15, na siku ya saa nane, na sharti kwamba waliogoma wote warudishwe kazini. Ningekuwa mimi ndiye ninayeandika madai yenu, hilo la tatu ningeliweka la kwanza. Nyinyi bosi wenu hana haja ya kumfukuza mtu mbele ya wenzake. Kiongozi anaamka asubuhi, anafungua simu, akaunti imefungwa, na hakuna mtu wa kumuuliza. Mkipata viwango vizuri vya nauli huku waliowaongoza wamefungiwa, mgomo unaofuata hautakuwa na wa kuuongoza.

Sasa nirudi kwenye kile kifungu. Mlango ulifunguliwa 1935, lakini kwa miaka kadhaa walioingia kwa wingi walikuwa mafundi wa Kiasia. Mpagazi wa Kiafrika hakuzuiwa na mtu, ila hakuitwa na mtu wa kwao, wala hakuona mwenzake mezani. Wazee wa KCA, chama cha siasa cha Wakikuyu, kama Jesse Kariuki na George Ndegwa waliingia kwenye uongozi mwaka 1939. Mwaka huo huo Mombasa iligoma, kazi baada ya kazi mpaka bandarini, na kilio kikubwa kilikuwa mshahara na kodi ya nyumba. Wengi wa waliogoma hawakuwa na kadi ya chama chochote. Mwisho wa mwaka Makhan Singh alisafiri kwenda India, Waingereza wakamkamata huko 1940, akarudi Kenya 1947. Mimi nasema waziwazi: ile miaka ya kusubiri ilitugharimu. Watu walikuwa tayari, chama kikawa hakijawafikia.

Linganisheni na St. Louis, Marekani, Mei 1933. Huko wakomunisti walikuwa na muungano wao wa vyama ulioanzishwa 1929, na chama chao kimojawapo kiliwaandaa wanawake waliokuwa wakibangua njugu za pecan katika kampuni ya Funsten. Wengi wao walikuwa weusi, na weusi walilipwa chini ya weupe kwa kazi ile ile. Mgomo ulianzishwa na wanawake weusi, Carrie Smith akiwa mstari wa mbele, kisha weupe wakatoka wakawafuata. Walishinda nyongeza kubwa, na malipo sawa kwa weusi na weupe. Aliyekuwa anaonewa zaidi ndiye aliyeshika usukani. Wala msidhani nawasifu wakomunisti kwa kila kitu: muungano ule ulivunjwa 1935 sera ya Moscow ilipogeuka, na uamuzi haukutoka kwa wanawake wale. Chama chenu kisiwe na bwana wa nje, awe mwanasiasa au mfadhili.

Hivyo basi, nataka kifungu kitaje watu. Kitaje waendeshaji waliokodi pikipiki wanaompelekea mwenye chombo hesabu kila jioni, maana kamati yenu ya muda naona imejaa wenye vyombo. Mwenye pikipiki tano alizowapa vijana ni mwajiri. Mheshimuni, lakini asipige kura. Kitaje akina dada wanaoendesha. Kitaje vijana kutoka Burundi, Kongo na Uganda wanaopeleka chakula usiku kwa akaunti za kukodi, hata kama baadhi yenu mnanung'unika kuwa wanashusha bei. Wanashusha bei kwa sababu hawana pa kukimbilia. Wawekeeni viti kwenye kamati, na mikutano iendeshwe kwa Kiswahili chepesi.

Kuhusu usajili, jisajilini, lakini msiutegemee. Chama cha Makhan Singh kilisajiliwa chini ya sheria ya vyama vya wafanyakazi ya 1937. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai walipounda East African Trades Union Congress, muungano wa vyama vya wafanyakazi, serikali ilikataa kukisajili, na Mei 1950 wakakamatwa kwa kuongoza chama kisichosajiliwa. Nairobi iligoma kwa siku kadhaa. Makhan Singh akakaa kizuizini mpaka Oktoba 1961.

Rasimu yenu nimeiwekea alama kwa kalamu nyekundu, iko kwa yule kijana wa steji. Kifungu cha nne, hicho cha uanachama, andikeni upya kabla ya mkutano mkuu, kisha mniletee nikione. Na risiti za ada zianze kutolewa sasa, hata kwa shilingi hamsini.

Ni mimi mzee wenu,
Aliyekuwa katibu wa tawi, Kilindini