Kabla ya Kisutu kesho

Ndugu zangu, habari za jioni. Kesho saa mbili asubuhi tukutane getini, Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, kwa kesi ya kijana anayedaiwa kumwibia mama yetu wa genge. Tusirudie ya mara ile, mtu anauliza kwa sauti "mbona hafungwi?" Kesho kesi inatajwa tu, haisikilizwi. Wakili wa serikali akisema upelelezi haujakamilika, hakimu anapanga tarehe nyingine, tunatoka.

Yule kijana kwa sasa ni mshtakiwa. Alikuwa mtuhumiwa kule polisi, kabla hajasomewa shitaka. Bado hajawa mhalifu.

Mama yetu wa genge, wewe ndiye uliyeibiwa lakini anayeshtaki ni Jamhuri. Wewe ni shahidi, huna haja ya kukodi wakili. Siku ya ushahidi utaapa, wakili wa serikali atakuongoza kwa maswali, halafu wa utetezi ndiyo watakudodosa. Hapo pagumu: jibu ulichoulizwa, usianze habari za ukoo wake.

Akipata dhamana msinune. Kesi inaendelea, na wadhamini wamebanwa na saini zao.

Simu zizimwe kabisa. Mnaokuja andikeni majina hapa, nijue daladala au bajaji.