Barua ya Kufunga Muhula wa Kwanza: Darasa la Kwanza na Mwalimu Wake Mpya

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
6 Juni 2025.

Kwa wazazi na walezi wote,

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA NA HABARI ZA DARASA LA KWANZA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Leo tumefunga muhula tulioufungua Jumatatu ya tarehe 13 Januari. Ripoti za wanafunzi wa madarasa mengine mtazipata kwa walimu wa madarasa kama ilivyo kawaida, nami sina la kuongeza juu yake. Barua hii naiandika kwa ajili ya Darasa la Kwanza, kwa sababu tangu Januari yamesemwa maneno mengi kuhusu mwalimu wake mpya, kisimani, mnadani na hata mlangoni mwa ofisi yangu, na sehemu kubwa ya maneno hayo ilipaswa kuelekezwa kwangu badala yake.

Mwalimu huyu aliripoti kituoni Jumanne ya tarehe 7 Januari akitokea Pangani, akiwa na begi moja na ndoo yenye vyombo vya kupikia. Alikuwa amejitolea kufundisha kwa miaka mitatu katika shule ya nyumbani kwao kabla ya kupata ajira, kwa hiyo kushika chaki hakukuwa jambo geni kwake. Kilichokuwa kigeni ni kila kitu kingine. Nyumba za walimu tulizonazo zimejaa, hivyo alipanga chumba kwa mzazi mmoja wa shule hii ambaye ameniomba nisimtaje. Mshahara wake wa kwanza ulichelewa hadi mwisho wa Machi, jambo linalowapata waajiriwa wapya wengi, na katika muda huo wote mzazi huyo hakumdai kodi na kila jioni alimpelekea ugali na mlenda. Walioona mwalimu akipita bila kuitikia "mwangaluka," salamu yetu ya asubuhi ya Kisukuma, na kusema kwamba watu wa Pwani wana maringo, wafahamu kwamba hakujua kama anaamkiwa. Siku hizi anaitikia, na anaamkia yeye kwanza.

Sasa niseme kosa langu. Katika shule hii, na katika shule nyingi nilizopitia, imekuwa desturi kwamba mwalimu mgeni anapofika hupewa darasa ambalo wenyeji hawalitaki, na darasa hilo mara nyingi ni la kwanza. Mimi mwenyewe nilianza hivyo. Mwongozo wa Serikali kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Mimi nilimkabidhi mwalimu mwenye wiki moja kituoni wanafunzi 118 na madawati 31. Ukikaza watoto watatu katika kila dawati, wanabaki 25 wa kukaa sakafuni. Nililijua hilo nilipokuwa nikipanga ratiba mwezi Desemba, na nikaliacha lipite kwa kuwa kila mwaka limekuwa likipita.

Siku ya kwanza nilipita dirishani mwa darasa hilo mara tatu. Mara ya kwanza nusu ya watoto walikuwa wakilia na mama kadhaa walikuwa bado wamesimama mlangoni. Mara ya pili mwalimu alikuwa ameketi sakafuni pamoja na wale 25, akiandika majina kwenye daftari, na mbele yake alisimama mtoto wa kiume ambaye alikuwa akirudia neno moja, "minzi, minzi," huku mwalimu akitabasamu na kuandika. Mara ya tatu nilimkuta mtoto yule yule akilia, na daftarini mwa mwalimu limeandikwa jina Minzi. Ninyi mnaosoma barua hii mmekwisha kucheka, kwa kuwa mnajua kwamba mtoto alikuwa akiomba maji ya kunywa. Mwalimu alipoambiwa alilifuta kwa kifutio jina lile la kalamu ya risasi, akamshika mtoto mkono, akampeleka mwenyewe kwenye mtungi, na jioni alikuja ofisini kuniuliza kama kuna mtu anayeweza kumwandikia maneno hamsini ya Kisukuma.

Swali hilo lilizua mjadala mkali katika ofisi ya walimu kuliko nilivyotarajia. Lugha ya kufundishia katika shule zetu ni Kiswahili, na wapo walimu wenzangu wanaoamini kwamba mtoto akiruhusiwa kilugha darasani hatakiacha kamwe. Ninawaheshimu, lakini sikubaliani nao kwa mtoto wa miaka sita. Wengi wa watoto hawa hawakupita darasa la awali. Wametoka nyumbani wakijua maneno machache sana ya Kiswahili, na sisi tunawaambia "tazama ubaoni" kana kwamba wamezaliwa wakiyajua maneno hayo. Tulikubaliana kwamba kwa wiki nane za kwanza mwalimu atasema jambo kwa Kiswahili, alionyeshe kwa mkono au kwa kitu chenyewe, na pale tu linapokwama alitaje kwa Kisukuma. Mwalimu wetu wa Darasa la Pili, ambaye ni mzaliwa wa hapa, alimwandikia yale maneno hamsini, na karatasi yake ingali imebandikwa ndani ya mlango wa kabati. Matamshi ya mwalimu mgeni yaliwachekesha watoto sana, na naona kicheko hicho kilituliza kilio kuliko jitihada nyingine yoyote tuliyofanya wiki ile.

Kilio cha watoto kilipotulia, kikaja cha mwalimu. Ijumaa ya wiki ya tatu, saa kumi na moja jioni, nilikwenda stoo kuchukua chaki nikamkuta amekaa juu ya gunia la mahindi, daftari zimepangwa mbele yake kwa marundo, sauti imemkauka kiasi cha kushindwa kunijibu shikamoo yangu ya utani. Alinionyesha hesabu aliyoiandika nyuma ya andalio la somo: daftari 118, dakika mbili kwa kila moja, ni dakika 236, karibu saa nne, kwa somo moja tu. Kusoma, kuandika na kuhesabu ni masomo matatu. Alikuwa hajaja kulalamika, kwa maana mimi ndiye niliyemkuta. Lakini hesabu ile ilinitosha. Mwalimu yupo katika mwaka wake wa majaribio, bado hajathibitishwa kazini, na mtu aliye katika hali hiyo hawezi kwa urahisi kumwambia mwalimu mkuu kwamba amepanga vibaya.

Jumatatu iliyofuata niliita kikao, na tangu tarehe 10 Februari Darasa la Kwanza limekuwa na mikondo miwili ya wanafunzi 59 kila mmoja. Mkondo A umebaki na mwalimu mpya. Mkondo B umechukuliwa na mwalimu wetu mwenye uzoefu mrefu kuliko sote, aliyekuwa akifundisha Darasa la Tano, na mimi nimeyachukua masomo yake mawili ya huko. Hapo ndipo ilipotoka habari kwamba "mwalimu mpya amenyang'anywa watoto." Hakunyang'anywa. Wazazi wa Darasa la Tano waliokuja kuniuliza kwa nini mwalimu hodari ameshushwa, nawajibu hapa kama nilivyowajibu siku ile: hakushushwa. Mtoto asiyejua kusoma hufika Darasa la Tano hajui kusoma, na huko hakuna tena mwenye nafasi ya kumrudisha kwenye irabu. Wanafunzi 59 bado ni wengi kupita kiasi, lakini sasa mwalimu anamjua kila mtoto kwa jina, na jina sahihi.

Kila Alhamisi mchana, katika vikao vyetu vya mafunzo endelevu ya walimu kazini, walimu hao wawili hukaa pamoja na kuangaliana kazi. Nilidhani mkongwe ndiye atakayemfundisha mgeni, na kwa kiasi kikubwa imekuwa hivyo, hasa katika kutuliza darasa na kugawa vipindi. Lakini vizibo vya soda vilivyotobolewa na kutungwa kwenye waya, kumi kumi, ambavyo sasa vinatumika katika mikondo yote miwili kwa kuhesabu, vilikuja na mgeni.

Kuna malalamiko mawili ambayo yamefika ofisini zaidi ya mara moja, na yote mawili nayajibu kwa kirefu.

La kwanza ni kwamba mwalimu huyu hachapi. Baba mmoja alikuja na fimbo aliyoikata mwenyewe, akaiweka mezani pangu na kusema kwamba ameileta kama mchango. Niliipokea kwa heshima na ingali nyuma ya kabati. Wazazi wangu, Kanuni za Adhabu ya Viboko za mwaka 2002 zinasema kwamba mwenye mamlaka ya kutoa adhabu hiyo ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemkaimisha kwa maandishi. Kwamba viboko havizidi vinne. Na kwamba kila adhabu iandikwe katika kitabu. Sijamwandikia mwalimu huyu karatasi hiyo, na kwa Darasa la Kwanza sitamwandikia mwalimu yeyote. Nilipoanza kazi nilichapa sana. Niliamini kwamba darasa lililo kimya ni darasa linalojifunza, hadi siku nilipowapa jaribio watoto wangu waliokuwa kimya kuliko wote na kukuta robo yao hawawezi kuandika majina yao. Mwalimu mpya ana njia yake: darasa linapopiga kelele anashusha sauti badala ya kuipandisha, anasimulia habari za bahari na ngalawa karibu kwa mnong'ono, na watoto, ambao hawajawahi kuona bahari, wananyamaza wenyewe ili wasikie. Njia hiyo haifaulu kila siku. Mwezi Machi zilikuwapo siku ambazo kelele za darasa lake zilifika hadi barabarani, na nilimwita tukazungumza. Fimbo ya yule mzazi, hata hivyo, itabaki ilipo.

La pili ni kwamba watoto wanarudi nyumbani "wakiguna tu," mmm, sss, lll, wala hawajui a, be, che, de kama tulivyofundishwa sisi. Malalamiko haya nayaelewa, maana hata mimi nilishituka nilipoyasikia mara ya kwanza. Mtoto hufundishwa kwanza sauti ya herufi, na jina lake baadaye. Akijua kwamba hii hutoa mmm na hii hutoa a, akiziunganisha anapata ma, akirudia anapata mama, na amesoma. Akijua kwamba herufi ile huitwa "em," akiunganisha anapata "ema," jambo ambalo si neno la mama yeyote. Naomba, kwa hiyo, kaka na dada wanaowasaidia wadogo zao jioni wawaache wagune.

Kuhusu hali ya watoto wenyewe: katika mikondo yote miwili zaidi ya nusu sasa wanasoma silabi na maneno mafupi bila kusaidiwa, na wapo wachache wanaosoma sentensi nzima. Wapo wanaobahatisha, wakitazama picha na kutaja wanachokiona. Na wapo 17 ambao hadi leo hawatofautishi irabu zote tano. Nimepitia daftari la mahudhurio la hao 17, jina kwa jina. Wanne wana matatizo ya kuona au kusikia, na wazazi wao nimekwisha kuwaita. Waliobaki 13 karibu wote wamekosa wiki nzima nzima kati ya Aprili na Mei, mpunga ulipoanza kutoa masuke. Mimi pia ni mkulima na najua ndege wanavyoweza kumaliza jaruba kwa siku mbili. Lakini mtoto wa miaka sita haamii ndege, yaani hawafukuzi shambani, anakaa na wakubwa wanaoamia, na mara nyingi amefuatana nao kwa sababu nyumbani hakuna wa kumwachia. Mzazi ambaye tatizo lake ni hilo aje tuzungumze. Mtoto anaweza kukaa shuleni hadi saa kumi, mwalimu wa zamu yupo, na kamati ya shule imekubali apate uji kama wengine.

Hao 17 watakuwa na saa moja ya ziada kila siku kuanzia muhula ujao, nusu yao kwa kila mwalimu. Hakuna malipo, na mtu yeyote akiwadai fedha kwa ajili ya hilo nipeni taarifa.

Shule itafunguliwa Jumanne ya tarehe 8 Julai 2025, saa moja na nusu asubuhi. Mwalimu amesafiri leo kwenda kwao, safari ya siku mbili, na ameniahidi kwamba atarudi tarehe 5. Alichoacha chumbani ni kila kitu isipokuwa lile begi. Fundi wetu wa madawati amekamilisha kumi, na mengine yanasubiri mbao ambazo kamati imeahidi kabla ya mwisho wa Juni. Mkondo B hauna mkeka, na yeyote mwenye mkeka mkuukuu anaombwa autoe. Aidha, kila mtoto wa Darasa la Kwanza aje na vizibo kumi vya soda vilivyooshwa. Visitobolewe nyumbani, kwa kuwa mtoto mmoja alijikata kidole mwezi Mei. Msumari na nyundo vipo hapa ofisini.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu Mkuu.

Nakala: Mwenyekiti, Kamati ya Shule.