Pikipiki kuukuu haitibiwi kwa oili nzito

Mhariri,

Naomba nafasi niliongelee hili suala la oili za pikipiki, maana mimi ni fundi hapa Makambako na pikipiki nyingi naziona zinakufa kabla ya siku zake, chanzo ni oili tu, watu wanasingizia barabara na uzee wa chombo.

Kuna hii imani kwamba pikipiki ikishachoka dawa yake ni oili nzito. Mtu anaona moshi wa bluu, yaani injini inachoma oili, anaenda dukani anapewa SAE 40, ile yenye namba moja tu kwenye kopo, au anapimiwa oili ya kwenye pipa ambayo hata muuzaji hajui ni ya gari gani, na ni kweli moshi unapungua siku mbili tatu, anafurahi. Sasa subiri asubuhi za Juni na Julai huku kwetu Njombe na baridi lake, oili mle kwenye sampu, kule chini ya injini inakokaa, imekuwa nzito kama asali, jamaa anapiga kiki injini inawaka, alafu anavuta resi hapohapo, na pampu ya oili yenyewe ni kidude kidogo tu bado inahangaika kuivuta kuipeleka juu kwenye valvu. Muda wote huo vyuma vinasagana. Ndo maana nasisitiza 20W-50, hiyo 20W ni tabia yake ikiwa ya baridi na 50 ni uzito wake ikishapata moto, inapimwa kwenye nyuzi 100, yaani asubuhi inatembea mapema na mchana kwenye mlima bado ina nguvu ya kukinga vyuma. Kama injini bado iko vizuri na uko sehemu ya baridi, 10W-40 pia inafaa, mradi kitabu cha hiyo pikipiki kinairuhusu.

Lakini uzito sio kila kitu jamani, na hapa ndo watu wengi hawaelewi. Kwenye pikipiki zetu hizi za gia, klachi inaogelea humohumo kwenye oili ya injini, tofauti na gari ambalo klachi yake iko pembeni, kavu. Oili nyingi nyepesi za magari ya kisasa zinawekewa dawa ya kupunguza msuguano ili gari lile mafuta kidogo, na ile dawa ikifika kwenye pleti za klachi ya pikipiki basi zinaanza kuteleza. Dalili yake utaijua tu, umepakia lumbesa ya viazi unapanda mlima, unavuta resi, injini inalia juu kabisa lakini pikipiki haiendi. Mtu anabadilishiwa pleti, anarudishia oili ileile, baada ya muda mfupi yuko gereji tena analalamika kwamba spea ni feki.

Kwa hiyo geuza kopo usome nyuma. Wajapani waliweka kipimo chao mwaka 1998 kwa ajili ya pikipiki za fostroku, kinaitwa JASO, na unachokitafuta ni MA au MA2, hiyo maana yake oili imepimwa na klachi inayololoa. Ukikuta MB iache, hiyo ni ya skuta ambazo klachi yake haiko ndani ya oili. Ukikuta maneno "Energy Conserving" au "Resource Conserving" iache pia. Oili ya gari ya 20W-50 mara nyingi haina hayo maneno na kuna watu wanaitumia miaka na klachi haijateleza, sikatai, ila haijapimwa kwa klachi na mimi kwenye chombo cha mteja siiweki.

Na moshi wenyewe uusome kwanza kabla hujakimbilia dukani. Ukitoka asubuhi ukiwasha tu alafu unakata, mara nyingi ni sili za valvu zimekakamaa, kazi ndogo. Ukitoka muda wote na unazidi ukivuta resi ukiwa na mzigo, hapo ringi au silinda imekwisha, hakuna oili duniani itakayorudisha chuma kilicholika, fungua injini. Wenye Yamaha DT za zamani, zile za mabwana shamba, hayo hayawahusu sana, zile ni tustroku, zinachoma oili ya 2T pamoja na petroli kwa makusudi, na gia zina oili yake nyingine chini, msichanganye.

Kingine ni kiasi. Injini kuukuu inakunywa oili, hivo ipime kila wiki, isimamishe wima kwenye stendi kubwa, iwe imewaka dakika chache alafu imezimwa na kutulia kidogo, toa kile kijiti cha kupimia oili ufute kwa kitambaa, kirudishe. Kwa Honda nyingi na hizi za Kichina zilizoiga Honda CG125 kijiti kinachomekwa tu bila kukikaza, ukikikaza kinazama zaidi unadhani oili ipo kumbe imepungua. CG125 ukimwaga oili inapokea kama lita 0.9, sio lazima umimine chupa nzima ya lita moja. Kumwaga mimi nawashauri bodaboda kila kilomita 1500 hadi 2000, na wale ambao mita zao zilishakufa wahesabu petroli, kama chombo kinaenda kilomita 40 kwa lita basi lita 40 ni kilomita 1600, mwaga. Siku hiyohiyo safisha na chujio la waya kule chini, mafundi wengi wanaliruka.

Ombi langu kwa waagizaji wa oili ni moja, andikeni kwa Kiswahili kwenye kopo, kwa herufi zinazosomeka, kwamba hii ni ya pikipiki yenye klachi ndani ya oili au sio. Kijana wa bodaboda ananunua chombo kwa mkopo, anastahili kujua anachomimina. Na wenye maduka, tafadhali acheni kuuza oili ya kupima kwenye chupa za maji.

Fundi pikipiki,
Makambako, Njombe