Usiishie upande wa kwanza

Kwa rafiki yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na pole tena kwa msiba wa mzee. Orodha ya santuri alizoacha nimeisoma mara mbili. Hilo sanduku ni hazina, dada. Nakusihi usimpe fundi yeyote akuhamishie nyimbo kwenye kompyuta kabla hujasoma barua hii, maana wengi huhamisha upande mmoja tu, na wimbo unabaki nusu.

Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika hubeba dakika nne au tano hivi kila upande. Nyimbo za dansi za miaka ya 1970 zilikuwa ndefu kuliko hapo, kwa hiyo nyingi zilikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza una mashairi, mwendo wa taratibu. Ukigeuza unakuta chemko: waimbaji wanapunguza maneno, gitaa la solo linaachiwa, wachezaji wanainuka. Anayekuhamishia upande wa kwanza peke yake amekupikia wali akasahau mchuzi.

Kama unataka pa kuanzia, anza na "Sina Makosa" ya Les Wanyika, kundi lililojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978. Usikilize mara tatu. Mara ya kwanza fuata besi ya Tommy Malanga peke yake, uone anavyoacha nafasi katikati ya noti. Mara ya pili lifuate gitaa la rithim la Omar Shabani, ambalo halichoki kurudia. Ya tatu ndiyo umwachie Issa Juma akuimbie, na solo ya John Ngereza ikijibu. Vyombo ni vichache, na ndiyo maana kila kimoja kinasikika. Kwangu mimi hakuna wimbo wa muongo ule uliopangwa vizuri kuuzidi.

Santuri za mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe, soma lebo kwanza. Ikiandikwa Morogoro Jazz, ni ya kabla hajaondoka kwenye bendi hiyo mwaka 1973. Ikiwa Super Volcano, ni ya baada ya hapo hadi alipofariki kwa ajali ya gari, Januari 1979. Kwa hiyo hata pasipo mwaka kwenye lebo utajua uziweke wapi.

Sasa usafi. Vumbi kavu litoe kwa brashi laini, ukifuata mzunguko wa mifuo, ile mistari inayopita sindano, usikate katikati. Yenye ukungu ioshe kwa maji yaliyochujwa madini, yale ya betri ambayo hayajatiwa asidi, na tone moja la sabuni ya vyombo. Suuza kwa maji hayohayo, lebo isilowe, kisha isimamishe kivulini ikauke. Jua litaipinda ndani ya dakika chache. Kama mzee ana zile nzito za mizunguko 78, usizipake spiriti kabisa, inayeyusha utomvu wake. Nazo zinataka sindano yake nene.

Zenye tundu kubwa zinahitaji kizibo cha milimita 38. Ukisikia sauti inapanda na kushuka kama inayumba, usiilaumu bendi wala mota: tundu halikutobolewa katikati. Toa kizibo, sogeza santuri kidogo kwa kidole hadi mkono wa sindano uache kucheza kushoto na kulia, kisha rekodi. Uzito wa sindano ufuate maelekezo ya kichwa kinachoishika, mara nyingi gramu 2 hadi 3. Watu hupunguza wakidhani wanaihurumia santuri, kumbe sindano nyepesi mno inarukaruka na kuchimba.

Rekodi pande zote mbili kwa kipimo kilekile cha sauti, kilele kisizidi desibeli 6 chini ya kiwango cha mwisho ambacho kinasa sauti kinakubali. Hifadhi faili ghafi zisizobanwa kabla ya kugusa chochote. Ukiunganisha vipande, usilazimishe mapigo yaingiliane kama sauti ilishapunguzwa mwishoni mwa upande wa kwanza. Acha ukimya wa nusu sekunde, inatosha. Na programu ya kuondoa mikwaruzo itumie kwa mkono mwepesi. Ukizidisha inakula matoazi pamoja na ule mlio wa kucha kwenye nyuzi.

Kuhusu kanda za kaseti: mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977 hadi 1983, na santuri zilikuwa zikitengenezwa Nairobi. Ndiyo sababu nyimbo nyingi za Dar za wakati ule zilibaki kwenye tepu za Redio Tanzania, na watu wakazinasa nyumbani kutoka redioni. Usizidharau hizo kanda za mzee eti mtangazaji anasikika. Zizungushe mbele na nyuma zote kabla ya kuzipiga, ili utepe uliogandana uachane.

Niandikie majina yaliyo kwenye lebo za zile kumi na mbili zisizo na mifuko, nikuambie zipi uzioshe kwanza.

Wako,
Hamisi