Jamani 1851 sio mwaka wa cherehani

Mhariri,

Nimeona tena kwenye kurasa zenu za matangazo madogo, cherehani ya Singer inauzwa, imeandikwa "orijino ya 1851", na picha wameweka. Nikavaa miwani. Ile beji kwenye nguzo ya mashine ina ukingo wa bluu na juu yake inasomeka 1851 hadi 1951, sasa hiyo ni beji ya kampuni kutimiza miaka 100, mashine yenyewe ni ya miaka ya 50 huko. Sisemi muuzaji mwongo, wengi tu wanasoma hivyo, na wengine wanasoma zile tarehe za hataza (haki ya uvumbuzi) zilizochorwa kwenye kisahani cha chini wanadhani ndo mwaka wa kutengenezwa, kumbe mashine imetoka kiwandani miaka mingi baadaye.

Umri uko kwenye namba ya mashine. Kwa Singer utaikuta upande wa kulia wa kitako, karibu na nguzo inapoanzia, isugue kwa kitambaa chenye mafuta kidogo itasomeka. Namba tupu bila herufi, mara nyingi hiyo ni ya kabla ya 1900. Zikianza na E ikifuatwa na herufi nyingine, hiyo ilitoka Clydebank, Uskoti, ikianza na G ni New Jersey, Marekani, na J ikifuatwa na herufi nyingine ni Kanada. Orodha za namba na miaka zimejaa intaneti, dakika mbili umemaliza. Na ukishajua mwaka usipandwe na mori, maana Clydebank peke yake mwaka 1913 walitoa mashine zaidi ya milioni 1, kwa hiyo uzee sio uadimu hata kidogo.

Mimi mwenyewe nililizwa. Nilikuta moja ina kitako chenye kiuno kama gitaa, maua ya dhahabu yanang'aa, inazunguka laini, nikalipa fasta kabla mwingine hajaniwahi. Nafika nyumbani nachomeka sindano, haikai. Kumbe ni modeli namba 12 ya Singer, inataka sindano yake maalum ambayo siku hizi kuipata ni bahati, hizi za kawaida za 15x1 ambazo cherehani nyingi za nyumbani zinatumia hazikukaa kwenye yangu. Sikuuliza sindano! Yaani niliuliza kila kitu, hadi mbao za meza, sindano sikuuliza.

Tangu hapo nikienda kuangalia mashine nabeba mfuko wangu: kipande cha jinzi, sindano mpya, uzi mweupe na uzi mweusi. Kwanza nazungusha gurudumu kuja kwangu, taratibu. Ikigoma sikimbii, mara nyingi ni mafuta ya zamani yameganda kama gundi, mafuta ya taa na subira ya siku kadhaa vinaiachia (na hapo ndo unapata la kupunguzia bei), ila usilazimishe. Halafu nafungua kisahani naangalia bobini. Zile za bobini ndefu nyembamba zina kidude kama mtumbwi kinachobeba uzi wa chini, na hicho ndo hupotea, kwa hiyo kama hakipo jua unaanza kutafuta. Kutu ya juu juu haina neno, ila nikipitisha kidole kwenye njia ya huo mtumbwi nikahisi vishimo, naaga, maana uzi utakatika kila siku.

Mwisho nashona. Mweupe juu mweusi chini, jinzi nimekunja mara mbili. Vidoti vyeusi vikitokea juu, uzi wa juu umebanwa sana au wa chini umelegea, na kama kuzungusha kile kifundo cha kubania hakubadilishi kitu basi springi au sahani zake zina shida. Muuzaji akikataa nisishone, akisema "we angalia tu inavyong'aa", mimi natoka. Maua yaliyofutika pale mbele mikono inapopita mbona ni dalili nzuri, mashine imefanya kazi, ninayoiogopa ni ile iliyopakwa rangi mpya hadi juu ya skrubu.

Ya umeme nusa waya kwanza, mpira ukipasuka pasuka usichomeke.

Halafu kuna ile hadithi ya zebaki nyekundu, kitu kinachodaiwa kuwa cha bei kubwa mno, kwamba ipo ndani ya Singer za zamani. Mwaka 2009 Saudi Arabia watu walizigombania, wakawa wanasogeza simu karibu na sindano eti mtandao ukikata basi ipo. Hamna kitu ndani, nimefungua nyingi, ni vyuma na vumbi la pamba.

Kwa hiyo mhariri naomba tu, mtu akileta tangazo la cherehani mwambieni aandike na namba ya mashine, na picha moja ya chini, sio beji tupu. Ile yangu yenye kiuno bado ninayo, inazuia mlango usijifunge.

Msomaji wenu, fundi wa nyumbani