Meli ya Pwani Ikija, Pikipiki Zetu Tutazifunga Wapi?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, manake hili jambo limenikaa rohoni tangu nirudi kutoka Pemba na sijaona mtu akiliandika.

Kila baada ya muda tunasikia maneno ya meli ya abiria ya kupita pwani yetu hii, Mombasa mpaka Lamu, wengine wanataka ishuke mpaka Pemba na Tanga, na mimi naunga mkono kwa moyo wote. Shida ni kwamba wakiongea wanataja abiria, wanataja magari na mizigo, pikipiki hakuna anayeikumbuka. Na simama tu hapo Likoni asubuhi meli ikifungua mlango uone ni nini kinatoka kwanza.

Sasa niwaeleze yaliyonipata. Ncha ya Pemba ya kaskazini, kule Kigomasha, haifiki kilomita 100 kutoka hapa Mombasa, wazee wetu walikuwa wakiliacha tanga lijae upepo na wakafika. Mimi mwaka jana nilifiwa na mjomba kule Wete, Pemba, nikataka niende na pikipiki yangu manake nilikuwa na jamaa wa kuwazungukia kisiwa kizima, basi ikabidi nivuke Likoni, Lungalunga, Horohoro, na karatasi za forodha na ile kadi ya njano ya bima mfukoni, Tanga, mpaka Dar, zaidi ya kilomita 500, alafu ndio nikapanda meli ya magari nikarudi juu kupitia Unguja. Yaani niliipita Pemba iko kushoto kwangu ng'ambo ya maji, nikaenda kuitafuta kwa nyuma. Siku nne njiani na matanga yashaanuliwa.

Lakini hiyo safari ndefu si ndiyo iliyoniumiza. Pale gatini mpakiaji aliniambia weka hapo tu bosi, haiendi mahali. Hapo penyewe ni baina ya pikapu na magunia ya vitunguu. Akaisimamisha na stendi ya pembeni, akapitisha kamba ya katani mara moja juu ya siti, akaenda zake. Nikatafuta chini kama kuna pete ya chuma ya kufungia, hakuna hata moja upande ule, ni bati tupu na limelowa mafuta.

Tukatoka Unguja usiku, msimu wa kusi, na anayeujua ule mkondo baina ya Unguja na Pemba anajua vile chombo kinavyolala huku na huku. Roho ikakataa, nikashuka chini. Nilikuta pikipiki imelala ubavu, mkono wa klachi umekatika, na petroli inadondoka kwenye kifuniko cha tanki, tone, tone, imeshafanya mstari mwembamba unafuata maungio ya mabati mpaka chini ya godoro la mama mmoja aliyelala na wanawe wawili kando ya mizigo yao. Yule mama aliamka kwa harufu, si kwa kishindo. Na hatua chache kutoka pale kuna kijana anavuta sigara. Wallahi sikumbuki nilimpigia kelele gani, nakumbuka tu aliitupa baharini na akaja kunisaidia kuinua. Tukafuta na magunia, alafu nikakaa chini nimeikumbatia gurudumu la mbele mpaka tulipofunga gati bandari ya Mkoani, Pemba, jua linatoka.

Nikisema pikipiki isiyofungwa ni hatari kwa meli nzima nieleweke ivo, siongelei mkono wa klachi wa kununua dukani. Maji haya yashatuchukulia watu. Feri ya Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994, watu 272. Meli ya Spice Islander Septemba 2011, kwenye mkondo uo huo niliopita mimi. Mwaka uliofuata ikawa Skagit karibu na kisiwa cha Chumbe, nayo ilikuwa feri ya jimbo la Washington kule Marekani, imejengewa maji yaliyotulia ya ndani ya ghuba, ikaletwa kupambana na kusi.

Na ni pande zile zile za Washington ndizo binamu yangu ameniambia habari zake, manake anaishi Seattle na yeye na mumewe wote ni watu wa pikipiki. Walipanda meli ya serikali ya jimbo la Alaska inayoondokea Bellingham, huko huko Washington. Hiyo huduma iko tangu 1963, na sababu yake mtu wa Lamu ataielewa haraka: Juneau, mji mkuu wa jimbo, hauna barabara ya kuufikia kutoka nje, ni bahari au ndege. Kwa hiyo meli ndiyo barabara. Bellingham mpaka Ketchikan, mji wa kusini mwa Alaska, ni kama siku moja na nusu, ukienda Haines kule juu zaidi ni karibu siku tatu, watu wanalala sitaha ya juu chini ya taa za joto, wengine wanapiga hema palepale na kulibandika na tepu lisipeperuke.

Pikipiki je? Unaingia nayo mwenyewe, unaonyeshwa sehemu, na mikanda ya kukaza unakuja nayo ya kwako. Gia ya kwanza, mikanda miwili mbele kushoto na kulia ikivuta chini mpaka shokomzoba za mbele zibonyee kidogo, miwili nyuma, na kitambaa mahali mkanda unaposugua rangi. Chuma cha kunasia mikanda kiko hapo hapo kwenye sitaha. Alafu meli ikishaondoka hakuna kushuka kwenye magari mpaka wafungue wao, kwa hiyo dawa yako, koti lako na chakula unapanda navyo. Hakuna mtoto analala chini ya tanki la mtu.

Hiyo haitaki teknolojia ya ajabu. Fundi yeyote wa kuchomelea pale Jomvu anaweza kuzitia pete hizo, ila ni rahisi zikiwekwa wakati meli inatengenezwa kuliko kuja kuzitafutia nafasi baadaye. Ndio maana naandika sai, kabla chombo chenyewe hakijaja.

Na msinambie Lamu hakuna pikipiki. Mjini kweli ni punda na vichochoro, lakini meli ikifunga Mokowe, gati la upande wa bara, una Hindi, una Mpeketoni, una Witu, kote huko ni bodaboda, na ile barabara ya kufika huko kuna vipande ambavyo tumevipita kwa msafara wa polisi. Kijana akinunua pikipiki yake hapa Mombasa angeipandisha melini jioni akaamka nayo nyumbani.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaopanga hii safari ni matatu tu na si makubwa. Pikipiki zipewe kona yake yenye pete, nauli yake iandikwe ukutani tusikisie na wapakiaji, na abiria asiruhusiwe kulala sitaha ya magari hata akisema mzigo wake utaibiwa, wamtafutie mlinzi wa huo mzigo.

Mwendesha pikipiki,
Kisauni, Mombasa