Kabla hujashuti Jumamosi

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Skripti nimeisoma yote, na sini ya mama na bintiye wakinywa chai imenikaa moyoni. Kwa kuwa mimi ndiye nitakayeihariri filamu yako, naomba unisikilize kabla hujawasha kamera.

Kubwa kuliko yote ni hili: kila unapohamisha kamera, mwigizaji arudie tendo zima. Mshuti mama kwa mbali akiinua kikombe, anywe, akirudishe mezani. Ukija kwenye klosapu, yaani shoti ya karibu, ainue tena, anywe, akirudishe. Usianze klosapu kikombe kikiwa tayari mdomoni! Mimi nitakata kutoka shoti moja kwenda nyingine mkono ukiwa njiani, na jicho la mtazamaji litaufuata mkono lisitambue kwamba shoti imebadilika. Mwendo ukikosekana upande mmoja, sina pa kukatia. Mkono nao uwe uleule, na kama anasema "mwanangu" huku akikishusha, aseme hapohapo kila mara.

Mteue mtu mmoja kazi yake iwe kuangalia hayo tu, asishikishwe taa wala maiki. Kila mnapositisha apige picha kwa simu: chai imefika wapi, kanga imefungwaje, mlango uko wazi au umefungwa.

Halafu uwazie mstari kati ya mama na binti, kamera zako zote zibaki upande mmoja wa mstari huo, ndani ya nyuzi 180. Ukivuka, wote wawili wataonekana wanatazama upande mmoja, na mazungumzo yatapotea. Shoti mbili zinazofuatana za mtu yuleyule, pembe za kamera zipishane angalau nyuzi 30, la sivyo picha itaruka.

Shoti zenye dirisha zimalize asubuhi, maana jua la saa tatu si la saa tisa. Mkishamaliza, acheni chumba kama kilivyokuwa mkishuti, nyamazeni wote, rekodi dakika moja ya ukimya wake. Hiyo ndiyo nitakayozibia mapengo ya sauti.

Ila machozi yakimjia binti, usimkatishe kwa sababu ya kikombe. Akilia kweli, mwache aendelee. Nikilazimika kuchagua kati ya kikombe kinacholingana na uso unaosema kweli, nitachukua uso, na nina hakika watazamaji watakuwa wanautazama huo.

Kadi ya kamera nitumie Jumapili, pamoja na zile picha za simu.

Wako,
Mhariri wako